Poster ya romcom iliyowaleta watu ukumbini Umoja wakiwa wamevaa nguo za harusi

Wakuu, habari zenu humu ndani.

Nimesoma nyuzi zenu kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naleta kisa cha mtaani kwetu Umoja, Nairobi. Nitakieleza kwa mpangilio wake, na nilipokuwepo nitasema nilikuwepo, nilipoambiwa nitasema niliambiwa na nani. Majina ya watu nimebadilisha.

Kwa kifupi ni hivi. Msichana mmoja wa hapa alitengeneza filamu ya mapenzi ya kuchekesha, zile tunaita romcom. Akatafuta mtu wa kumchorea poster, ikabandikwa.

Sasa kuna mama mmoja anayeuza mboga karibu na ukuta ilipobandikwa. Yeye aliielewa kama mwaliko wa kufunga ndoa. Na poster hiyo hiyo ikamshawishi mzee wake, yaani mwanamume anayeishi naye, ambaye alikuwa amekwepa harusi miaka tisa.

Kwa hivyo mkisoma, mshike mambo mawili. Kwanza, ni nini ndani ya karatasi ile kilichofanya watu wazima wenye akili zao waone kitu ambacho hakikuandikwa. Pili, huyu mama angetoka ukumbini akiwa mchumba wa mtu au kichekesho cha soko.

Mimi, ambaye hapa mtaani huitwa Mama Tracy, hukusanya habari za mitaa kwa redio moja ndogo ya huku Eastlands. Maji yamepotea wapi, taa gani za barabarani hazijawaka tangu mwaka jana, hayo ndiyo mambo yangu. Kwa hivyo kusimama mahali na kuuliza watu maswali ni kazi, si umbea. Ingawa majirani wangu wana maoni tofauti.

Mtengenezaji wa filamu nitamwita Linet. Babake alikuwa karani wa reli, familia yao ni ya Kakamega, lakini Linet kazaliwa na kulelewa Umoja, kwenye zile nyumba zilizoongezwa vyumba hadi ua ukaisha. Filamu aliipiga kwenye ghorofa moja karibu na kwao. Msichana wa ghorofa ya tatu na jamaa wa ghorofa ya nne wanagombania maji ya tangi lililoko juu ya paa, pete inadondoka ndani ya tangi, na mengine mtaona wenyewe. Inaitwa *Pete ya Ghorofa ya Tatu*. Nilikuwa nimeitazama kwenye laptop yake na nilicheka kweli.

Aliomba ukumbi wa mtaa Jumamosi mchana, kiingilio bure, ili jina lijulikane.

Poster akampelekea Kevo.

Kevo ana cyber ndogo hapa kwetu, duka la kompyuta na kuchapisha. Anachora poster za krusedi, ile mikutano ya injili, programu za mazishi na kadi za harusi. Sisemi hivyo kwa dharau. Kijana ana mkono mwepesi, na ukipita Umoja ukaona poster ambayo unaweza kuisoma ukiwa ng'ambo ya barabara, kuna uwezekano mkubwa ni yake.

Siku hiyo nilikuwa pale nikichapisha kitu changu, kwa hivyo haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Kevo, hii ni comedy," Linet akamwambia. "Nataka mtu akiiona acheke."

"Acheke nini na hajaona filamu? Kwanza aone ni kitu ya maana. Kucheka atacheka akifika."

Linet akamwonyesha picha aliyoipenda. Wale wawili wamesimama juu ya paa, tangi liko katikati yao, kila mmoja ameshika ndoo na amempa mwenzake kisogo.

Kevo akaitazama kwa huruma. "Hapa wamenuna, siste. Nani atatoka kwake Jumamosi kuja kuangalia watu wamenuna? Si hao wako nao kwa nyumba."

Nilicheka. Hata Linet alicheka. Na hapo ndipo picha ya paa ilipokufa.

Kevo akachagua picha ya mwisho wa filamu. Msichana amevaa gauni jeupe, jamaa yuko kwenye suti nyeusi, amemshika mabega kutoka nyuma, wote wanatabasamu.

Hebu niwaeleze ilivyokuwa ilipokamilika, maana hapa ndipo penye kazi.

Nyuso zilichukua nusu nzima ya juu. Nyuma yao miale ya dhahabu inatoka kama jua linachomoza kichwani mwao. Background ni zambarau. Pembeni njiwa wawili.

Chini ya nyuso, kwa herufi kubwa kuliko zote: JUMAMOSI HII. Kisha jina la ukumbi. Kisha utepe mwekundu: KARIBUNI WOTE. Kwenye nyota ya njano: BURE. Halafu maneno ya Linet mwenyewe, ambayo alidhani yanavutia: "Njoo na mpenzi wako."

Jina la filamu lilikuwa chini kabisa, juu kidogo ya namba ya simu, kwa herufi nyembamba za kuandika kwa mkono. Nilimuuliza Kevo kwa nini jina ni dogo hivyo. Akaniambia katika kazi yake watu hawaulizi jina la mkutano. Wanauliza ni siku gani, ni wapi, na nani atakuwepo.

Alisema kweli kabisa. Ila kazi yake ni krusedi.

Kuna jambo lingine nililoliona baadaye, na nataka wale wa design mlifikirie. Wale wawili kwenye poster walikuwa wanakutazama wewe. Poster nyingi za romcom nilizoziona, wapenzi wanatazamana, au wanapeana mgongo huku wakiibiana macho. Wana mambo yao na wewe unachungulia. Lakini mtu kwenye poster akikukazia macho na kutabasamu, huyo ana kitu anataka kutoka kwako. Mchungaji anataka uje uombewe. Mwanasiasa anataka kura. Hawa wawili walionekana wanataka ufanye kama wao.

Poster zikabandikwa. Nyingi zilikwenda kwenye ukuta mrefu ulio karibu na soko, ambao kila mtu hupita.

Siku mbili baadaye Linet akaja kwangu akiwa na furaha tele. Simu hazikatiki.

"Wanauliza nini?" nikamuuliza.

"Kama watoto wanaruhusiwa. Nimesema waje nao. Mwingine ameuliza kama ni lazima wazazi wawepo, nikamwambia hapana, hii ni ya kila mtu. Kuna mmoja alikuwa na wasiwasi amepoteza kitambulisho."

"Kitambulisho cha nini?"

"Nadhani anafikiria kuna security kwa gate. Nimemwambia asijali, aje tu."

Wakuu, mimi nimeuliza watu maswali miaka mingi. Mtu wa Umoja haulizi kama anahitaji wazazi ndipo akatazame filamu.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kusimama pale ukutani.

Nilianza vibaya. Niliuliza watu, "Unafikiri hii poster ni ya nini?" Wakanijibu, "Ni ya mapenzi." Sawa, ni ya mapenzi. Hilo halikunisaidia.

Nikabadilisha swali. Nikaanza kuuliza, "Ukienda hapa, utavaa nini?"

Kijana wa bodaboda akafikiria kidogo. "Suti. Ya buda inaweza nitosha."

Dada mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akasema, "Nguo ya kanisa. Nyeupe sina, lakini cream si ni sawa?"

Mama mmoja mtu mzima, wa rika la mamangu, akaniambia yeye atavaa kitenge kizuri tu, kwa sababu yeye ni wa kusimamia. Wa kuoana ni mtoto wake na yule msichana anayekaa naye.

Nikamuuliza, "Kuoana wapi, mama?"

Akaninyooshea kidole kwenye poster kana kwamba mimi ndiye sijui kusoma. "Si hapa. Ile ya come-we-stay. Mwaka jana ilijaa, wengine wakarudishwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Kwa wasiojua, huku kwetu wengi huanza maisha pamoja bila harusi. Unahamia kwa mtu, au yeye anahamia kwako, mnapata watoto, miaka inaenda. Ndiyo come-we-stay. Sasa makanisa mengine huwa yanapanga siku moja, wanakusanya hao wote na kuwafungisha ndoa kwa pamoja, bure. Mwaka uliotangulia kanisa moja la hapa lilifanya hivyo. Poster zao zilikuwa kwenye ukuta huu huu. Zambarau na dhahabu. Mchungaji na mkewe wakikutazama, wametabasamu, miale nyuma ya vichwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Kevo.

"Ile poster ya harusi za mwaka jana ni nani alichora?"

"Mimi."

"Na hii ya Linet?"

"Template ni ile ile," akasema bila wasiwasi wowote. "Ile ilijaza kanisa, Mama Tracy. Kwa nini nibadilishe kitu inafanya kazi?"

Nilimweleza watu wanavyoielewa. Akakuna kichwa, kisha akapata suluhisho papo hapo. Angechapisha vipande virefu vimeandikwa FILAMU, avibandike kwa mshazari juu ya poster zote. Nikamshukuru.

Alivichapisha kwa rangi ya dhahabu na akaviwekea njiwa.

Jioni nilipita tena ukutani kupima kama vimesaidia. Yule dada mwenye mtoto alikuwa pale na rafiki yake. "Umeona?" alikuwa anamwambia. "Sasa hata video watatuchukua."

Sasa nifike kwa Violet.

Violet ndiye mama wa mboga niliyewatajia. Ananikatia sukuma wiki karibu kila jioni, kwa hivyo tunajuana. Niliponunua siku hiyo nikamuuliza lile swali langu, kwa mzaha tu, nikidhani yeye atacheka.

Hakucheka. Akafuta mikono kwa leso, akatoa simu, akanionyesha picha ya gauni.

"Ni la kuazima. Fundi amelipunguza hapa kiunoni."

Nikaketi kwenye kreti.

Haya yanayofuata ni maneno yake. Yeye na Festus wamekaa miaka tisa, wana watoto wawili. Festus ni wa Bungoma, anafanya kazi kiwandani Industrial Area. Mtu mzuri, halewi, analala kwake. Lakini kanisani kwao Violet ni mwanakwaya ambaye hawezi kushiriki meza ya Bwana kwa sababu hajafunga ndoa. Jumapili hiyo ikifika wenzake wanasimama, yeye anabaki kwenye benchi.

"Mkubwa ameanza kuniuliza, mama mbona wewe huendi. Namwambia magoti yananiuma. Sasa ananiletea dawa ya kupaka."

Nikamuuliza kwa nini Festus anakataa.

"Hakatai mimi. Anakataa kamati."

Mkenya ataelewa bila maelezo, lakini kwa wengine: harusi ya huku ina kamati. Ina mwenyekiti, mweka hazina, na group la WhatsApp. Kuna mikutano kila Jumapili jioni ambapo watu wanajadili rangi za vitambaa vya viti na kukuuliza mbele ya wote wewe mwenyewe umetoa nini. Festus aliwahi kuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yake, na kwa maelezo ya Violet hakuwahi kupona.

"Akisikia tu neno kamati anaanza kutafuta viatu atoke. Alisema siku ataona harusi haina kamati, ataenda. Nilijua ananitania. Halafu wiki hii amepita hapa kunisaidia kufunga, akasimama hapo kwa ukuta, akasoma. Akarudi akaniambia, hii naenda."

Akarudi kwenye sukuma yake. Kisu kilikuwa kinaenda haraka kuliko kawaida. "Ameomba off kazini, Mama Tracy. Amewaambia ni ya kuoa."

Nilitembea hadi kwa Linet bila kupitia kwangu.

Linet hakuamini mwanzoni, kisha akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Wacha waje tu," akasema. "Wakishaketi, wataona filamu, watafurahi. Hata kama walikuja kwa kitu kingine."

"Wengine ndio. Violet hatafurahi. Mzee wake akisikia mbele ya watu ni filamu, atainuka na kuondoka, na hatarudi tena kwa mambo ya harusi. Atakuwa na sababu hadi uzeeni."

Yule msichana ana moyo, sitamsingizia. Tukakubaliana yeye atasimama kabla filamu haijaanza aseme ukweli wote, na mimi nitamwambia Violet mapema, ili asiusikie pale.

Ijumaa alasiri nikaenda. Nilimwambia moja kwa moja, kwa sababu habari mbaya ukiizungusha inakuwa mbaya zaidi. Ni filamu. Hakuna mchungaji. Hakuna vyeti. Template ya Kevo ndiyo iliyotuchanganya.

Alimaliza kumhudumia mteja kwanza. Akahesabu nyanya, akafunga, akaaga. Ndipo akanigeukia.

"Nani mwingine unamwambia?"

"Hakuna. Ni juu yako."

"Festus usimwambie. Nitamwambia mimi."

"Lini?"

Alipanga vitunguu upya, ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa.

"Huyu mtu amenunua viatu," akasema hatimaye. "Miaka tisa, viatu vya mwisho alinunua vilikuwa vya kazi."

Nikaenda zangu. Najua kuna mtu ataandika hapa chini kwamba ningemwambia Festus mwenyewe. Ndoa si yangu, ndugu. Mimi nilipeleka habari kwa mwenye habari.

Jumamosi.

Nilifika mapema. Mlangoni alikuwa Mzee Wafula, anayetunza ukumbi ule. Yeye pia ni mzee wa kanisa, na ni kanisa hilo hilo la Violet. Alikuwa anatazama watu wakiingia na uso wake unazidi kukunjamana.

"Mama Tracy, hii filamu ni ya nani? Mbona watu wamebeba maua?"

Wakuu, ukumbi ulijaa. Suti za kila rangi. Wanawake kwenye gauni za cream, za pinki, mmoja na shela kabisa. Watoto wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Bodaboda niliyemhoji alikuwa kwenye suti ya babake na hakika ilikuwa inamtosha, ila msichana wake alikuwa amekuja na jeans na alionekana haelewi chochote.

Violet na Festus walikuja wakati watu wanakaribia kuketi. Gauni lilimkaa. Festus alikuwa kwenye suti ya bluu, na viatu vya kahawia ambavyo alikuwa akivitembeza kwa uangalifu kama vya mtu mwingine. Walipita karibu nami. Violet alinitazama, lakini uso wake haukuniambia kama amesema au hajasema. Wakakaa katikati, nami nikajipenyeza nyuma yao.

Linet akapanda jukwaani. Akasema yote. Kwamba hii ni filamu, kwamba poster imewachanganya, kwamba hakuna atakayefungishwa ndoa leo, na anaomba msamaha. Anayetaka kuondoka aondoke kwa amani, anayetaka kubaki abaki acheke.

Maua yakashuka mapajani.

Halafu mtu fulani kule nyuma akasema, "Kwa hivyo hata chakula hakuna," na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Kuna walioondoka. Bwana mmoja alitoka akimwambia mkewe kwa sauti, "Si nilikuambia kanisa haina screen kubwa hivi," na yule mke akamjibu wasiyamalizie pale. Bodaboda alibaki. Msichana wake wa jeans ndiye aliyeonekana kufurahi zaidi ya watu wote.

Mimi nilikuwa natazama kisogo cha Festus tu.

Hakuinuka. Aliinama kidogo akamwambia Violet kitu ambacho sikusikia. Violet akajibu neno moja. Taa zikazimwa.

Alitazama filamu yote. Kuna mahali mamake yule msichana anaitisha mkutano wa jamaa kupanga sherehe, na jamaa wa ghorofa ya nne anajificha nyuma ya tangi. Festus alicheka hapo hadi akajifuta macho kwa tai.

Ilipokwisha, watu wakimpongeza Linet, Festus akaja mbele na Violet nyuma yake. Akasimama mbele yangu na Linet.

"Nyinyi ndio wenye poster?"

Linet akasema ndio, na akaanza kuomba msamaha upya.

"Nimeshajua tangu asubuhi," Festus akamkatiza. "Aliniambia nikiwa nafunga kamba za viatu. Ningefungua tena?"

Akatazama viatu vyake.

"Kazini wananingoja Jumatatu na pongezi. Nirudi niwaambie nilioga hivi nikaenda kutazama sinema? Nimemwambia, tumeshavaa, twende. Tukifika tutajua."

Akageuka akamwona Mzee Wafula anakusanya viti.

"Mzee. Wewe si wa kanisa lao?"

"Ni mimi."

"Unaweza kutufungisha hapa?"

Mzee Wafula akaweka kiti chini. "Mimi siwezi. Na hapa si mahali. Majina yanasomwa Jumapili tatu kanisani, mwenye pingamizi anasema. Kuna karatasi za serikali. Halafu mchungaji."

"Na kamati?"

"Kamati ya nini?"

"Ya harusi."

"Kijana, kamati ni ya wali na mahema. Ndoa inataka nyinyi wawili na mashahidi wawili." Akamtazama juu hadi chini, viatu vikamchukua muda. "Wazazi wake wanakujua?"

"Wananijua. Nilienda kujitambulisha, nikala kuku."

"Ulikula kuku, halafu ukakaa kimya miaka yote hiyo?"

Violet alicheka hapo, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alicheka akiwa ameshika mdomo, machozi yanamtoka, na Festus akawa anatazama sakafu kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari.

"Basi niandike," akasema.

"Siandiki hapa. Njoo kesho, kabla ya ibada."

Kesho yake nilikwenda kanisani kwao ingawa mimi si wa huko. Nisingeweza kukaa nyumbani. Majina yao yalisomwa baada ya matangazo ya kikundi cha vijana. Mchungaji aliposema jina la Festus, Festus akasimama. Wima kabisa, mikono ubavuni, kama mwanajeshi.

Huwa hakuna anayesimama. Kanisa zima likageuka.

"Ndugu yangu, kaa," mchungaji akamwambia taratibu. "Bado kuna Jumapili mbili."

Walifunga ndoa baada ya ibada ya kawaida, Jumapili, mashahidi wawili, na akina mama wa kanisa wakapika chai na mandazi kwa hiari yao. Jumapili ya meza ya Bwana iliyofuata, niliambiwa na Mzee Wafula, Violet alisimama na wenzake. Yule mtoto mkubwa akasema kwa sauti ambayo benchi tatu zilisikia kwamba dawa imefanya kazi.

Sasa poster, maana niliahidi.

Linet alipata Jumamosi nyingine ukumbini, na safari hii alimlazimisha Kevo arudishe picha ya paa. Tangi katikati, ndoo, visogo, wote wamenuna. Background njano ya kawaida. Jina la filamu juu kabisa, siku na mahali chini. Kevo alilalamika mchana kutwa, lakini aliichora vizuri sana.

Nikasimama ukutani tena na swali langu. Vijana wawili kutoka mtaa wa Fedha waliokuwa wanapita wakanijibu bila kufikiri, "Slippers." Nikajua tumefika. Ukumbi haukujaa kama mara ya kwanza, nisiwadanganye, lakini waliokuja walikuja kutazama filamu na walicheka tangu dakika ya kwanza, kwa sababu poster ilikuwa imeshawaambia wanakuja kucheka.

Nilichojifunza ni hiki. Watu hawasomi poster ikiwa peke yake. Wanaisoma pamoja na zote zilizowahi kubandikwa kwenye ukuta ule, na pamoja na kile wanachokingoja. Violet alikuwa akingoja miaka tisa. Ungebandika zambarau na miale mbele yake, ukaandika chochote, angeona harusi tu. Kevo hakuchora poster mbaya. Alichora nzuri sana ya kitu kingine. Na ukitaka kupima yako, usiwaulize watu kama ni nzuri, watakuambia ni nzuri. Waulize watavaa nini.

Basi, wenye ujuzi wa design karibuni, nikosoeni pale nilipopotoka, hasa kwenye lile suala la macho.

Na mliokuwa ukumbini siku ile, jazieni nilichoacha. Yule bwana aliyetoka akigombana na mkewe kuhusu screen, kama uko humu, tuambie mlifikia wapi.